Fundo la Nne

Tarehe 11 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeweka nadhiri kwamba nitakueleza kila kitu bila kuruka hata kimoja, maana ulipokuwa unapanda gari uliniambia, "Sisimizi, usije ukaniandikia 'sisi wazima' halafu basi." Kwa hiyo naanza.

Sisi wazima. Samahani, lakini ni kweli. Mama ana sare za shule thelathini na mbili, zimekatwa na kushonwa, zimelala juu ya kochi kama watu waliozimia, na hakuna hata moja yenye vifungo, kwa sababu mtia vifungo ameondoka. Usijisikie vibaya. Mama anasema hivyo huku anacheka. Juzi alijichoma kidole mara mbili, akasema, "Mdogo wangu angekuwepo angeimba, nami ningekuwa macho."

Bibi hajambo, isipokuwa macho. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe, kisha akakigombeza kikombe kwa kusogea. Jirani Redio alikuwepo, akacheka hadi akashika ukuta. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua habari ya kikombe.

Meza ya dirishani sasa ni yangu. Nimepanga vitabu vyangu vya mtihani kwa urefu. Stuli yako nimeisogeza chini ya meza na juu yake nimeweka kamusi na madaftari. Chumba ni kimya sana. Nilidhani kimya kitanisaidia kusoma.

Asubuhi bado ni zile zile. Kabla sijanawa uso Bibi ananiita, "Haya, umeota ngapi?" Nikiota namba anafunga mafundo kwenye uzi wa mwezi, fundo moja kwa kila hesabu, kisha anaacha nafasi ya upana wa kidole. Uzi wa Februari una mafundo machache. Ule wa Januari bado unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, pamoja na yale mafundo matatu yaliyokupa ruhusa ya kuondoka. Bibi huyapapasa akipita na kusema, "Tatu ni safari, na safari imekwenda." Mimi nikipita hapo huangalia upande wa sufuria.

Nadhani nimekueleza kila kitu. Je, huko unaota?

Mwanao,
Sisimizi


Tarehe 9 Machi

Sisimizi wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilifika imekunjwa kama samosa, lakini ilifika. Msalimie dada, mwambie kifungo cha sare kinashikwa kwa uzi mara nne na si mara sita, asimalize uzi wa watu. Msalimie mama yangu. Msalimie na Redio, mwambie asipunguze sauti.

Hapa kazi ni mashuka. Hospitali ina wadi kumi na moja na kila wadi ina magunia yake. Sisi wanawake wa nguo tuko tisa. Wawili wanachambua, watatu wako kwenye mashine za kufulia, na sisi wanne tuko kwenye pasi. Hii pasi si ile ya mama yako. Ni magogo mawili ya chuma yanayozunguka, ya moto kuliko ulimi wa msimamizi wetu. Unayapa shuka likiwa bichi, upande wa pili linatoka limenyooka kama askari. Msimamizi tunamwita Kengele, kwa sababu hasemi, analia.

Bweni ni safi. Kitanda changu ni cha nne kutoka mlangoni. Usimwambie Bibi.

Unaniuliza kuhusu ndoto. Mtu aliyekunja mashuka mia sita haoti, anazima kama taa. Soma, mwanangu. Meza ni yako, itumie.

Nisamehe mwandiko. Meza ya huku inayumba.

Mama yako mdogo


Tarehe 2 Aprili

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua. Nimewasomea Mama na Bibi kwa sauti, Bibi akaomba irudiwe pale penye Kengele. Sare zimekwisha, vifungo vyote vipo, ila vitatu vimeshonwa juu chini. Mama anasema mwenye macho ya kuona hilo aje avishone mwenyewe.

Sikusoma kwa sauti ile sentensi ya kitanda. Nilipofika hapo nilikohoa.

Sasa niseme jambo la Bibi. Mama alimpeleka kwa daktari wa macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto ndilo limefunga zaidi. Daktari anasema ni upasuaji mdogo, na mtu anarudi nyumbani siku ya pili. Alipanga tarehe 3 Juni. Bibi alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akamwita mwanangu, halafu tulipotoka nje akasema, "Siingii chumba cha visu mpaka Sisimizi aote."

Mama akamwambia, "Mama, daktari amesoma miaka mingi."

Bibi akajibu, "Na huyu mtoto ameota mara moja tu, na mwanangu akaenda akapata kazi. Nionyeshe kosa lake."

Tangu siku hiyo Jirani Redio ametangaza. Wamekuja watu wawili kuniuliza. Mmoja aliota kuku sita wamekaa juu ya paa, na Bibi akamwambia sita ni kusubiri, kwa hiyo angoje. Yule mtu hakuondoka. Alitaka nimjibu mimi, "mwenye ndoto za kweli." Nikamwambia nina mtihani. Redio akasema, "Mnamwona? Hata kiburi cha waganga ameshakipata!" Wote wakacheka, nami nikaingia ndani nikafunga mlango.

Bibi anasubiri tano. Unakumbuka anavyosema: tano ni mkono uliofunguka, ndiyo heri. Kila asubuhi ananitazama kwa macho yale yenye ukungu, na mimi sijaota namba yoyote tangu Februari. Naogopa kulala. Nikilala naogopa kuamka.

Mama mdogo, nataka kukuuliza mambo mawili. La kwanza, herufi zako zimelala upande wa kushoto, na zamani zililala kulia. Meza inayoyumba hailazi herufi. Je, umeandika kwa mkono wa kushoto? La pili, unaikumbuka ile asubuhi ya Januari, nilipoeleza ndoto?

Mwanao,
Sisimizi


Tarehe 28 Aprili

Sisimizi,

Marahaba. Una macho wewe, mwazime Bibi.

Ndiyo, ni mkono wa kushoto. Usimwambie dada. Vidole viwili vya kulia vilifuata shuka mahali ambapo vidole havitakiwi. Ngozi inarudi, nesi mmoja ananifunga bandeji bure kwa sababu namnyooshea magauni yake. Nimehamishiwa kwenye kuchambua magunia mpaka nipone. Ni kazi ya harufu lakini haina moto.

Kuhusu mama yangu. Asipopasuliwa atakuwa kipofu, na kipofu mwenye ulimi ule atatumaliza wote. Mwambie umeota tano. Mwambie umeota mayai matano, au vijiko vitano, chochote. Uongo wa dawa si uongo. Unajua kuota vizuri ukitaka.

Soma. Mtihani wako ni lini?

Mama yako mdogo


Tarehe 14 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Pole sana kwa vidole. Hapa wote hawajambo. Mtihani ni Novemba. Hukunijibu swali la pili.

Umeandika, "Unajua kuota vizuri ukitaka." Nimesoma sentensi hiyo hadi karatasi imelegea kwenye mkunjo. Mwezi wa pili niliweka nadhiri kukueleza kila kitu, na nilikueleza kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Sasa nakieleza.

Barua ya hospitali ilipofika, ikikuita kazini, Bibi alisema tungoje ndoto. Wewe hukusema kama unataka kwenda au hutaki. Ulikuwa unatia vifungo na kuimba ule wimbo wako usio na mwisho, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani nimeweka daftari magotini kwa sababu meza ilikuwa imejaa vifungo. Nilikuwa nimepata alama mbaya za hesabu wiki hiyo. Nilitaka meza. Nilitaka dirisha. Nilitaka unyamaze. Nilikupenda vilevile, lakini nilitaka unyamaze.

Usiku ule niliota kweli. Niliota stuli zetu nne zimezunguka meza ya chakula, zote zimesimama wima, nami nazihesabu kwa kidole. Zilikuwa nne, Mama mdogo. Na nne ni nyumba. Nilijua. Bibi ametufundisha tangu tukiwa tunatambaa: kuta nne, miguu minne ya kitanda, nne asiondoke mtu.

Asubuhi Bibi aliniita kabla sijanawa. Nikasema tatu.

Akauliza, "Stuli ya nani haikuwepo?"

Nikasema ya kwako.

Hakuna aliyenilazimisha kusema hilo la pili. Tatu ingetosha. Bibi akafunga mafundo matatu, akakwambia, "Fungasha." Wewe ulinitazama, kisha ukaanza kukusanya vifungo vyako kwenye kopo.

Sasa umeungua, na Mama anashona peke yake mpaka mgongo unamuuma, na Bibi anangoja macho yake kutoka kinywani mwangu. Nikisema tano nitakuwa nimedanganya mara ya tatu. Nikisema ukweli labda hatakwenda kabisa. Sijui kama namba za ndoto ni kweli. Mwalimu wetu wa sayansi anasema si kweli. Lakini nilipoota nne nilikuwa naamini, na nikaigeuza. Nadhani kosa langu liko hapo, hata kama mwalimu yuko sahihi.

Stuli yako nimetoa vitabu juu yake. Tafadhali nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwanao


Tarehe 7 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda posta.

Tarehe 3 imepita. Bibi hakwenda. Asubuhi ile alivaa nguo yake ya kijani, akakaa jikoni na kitambaa cha kichwa mkononi, akaniita, "Haya, umeota ngapi?" Nilifungua mdomo. Neno tano lilikuwa pale mbele ya meno. Nikasema, "Sijaota, Bibi." Akavua nguo ya kijani akaikunja.

Mama alinikasirikia siku nzima. Anadhani ningeweza kusema tu uongo mdogo ili mama yake aone. Hajui kwamba ule mdogo nilishautumia.

Daktari ametoa tarehe nyingine, 27 Julai. Amesema jicho la kushoto likizidi kuchelewa hawezi kuahidi.

Kama hutaki kuniandikia nitaelewa. Nipe tu habari za vidole.


Tarehe 19 Juni

Sisimizi wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Posta haina kosa. Barua yako ya Mei ilifika kwa wakati wake, nikaiweka chini ya mto, nikawa kila siku naandika jibu kichwani nikiwa nachambua magunia, na kila jioni nasema mkono unauma. Mkono hauumi tena. Ngozi imerudi, ina rangi ya waridi kama ya mtoto mchanga. Unaona herufi zinalala tena kulia.

Nimeona aibu, mwanangu. Sasa nisikilize.

Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Usiku ule wewe uliongea usingizini. Ulihesabu kwa sauti, kwa adabu, kama uko mbele ya ubao: moja, mbili, tatu, nne. Ukanyamaza. Ukarudia tena, ukaishia nne. Nilikuwa macho. Siku zile nilikuwa macho kila usiku, nawaza ile barua ya hospitali.

Nikasema moyoni, basi, ni nne, nitakaa hapa natia vifungo mpaka na mimi nifungwe. Nilikuwa nataka kwenda, Sisimizi. Nilitaka sana, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama yangu, "Nataka." Nina umri gani mimi? Nilimngojea mtoto wa shule aniombee ruhusa.

Asubuhi uliposema tatu, nilikutazama. Wewe unadhani nilikutazama kwa huzuni. Nilikuwa nakungoja uone kwamba najua. Ukainamisha kichwa, nami nikaokota vifungo haraka haraka, kabla hujabadili mawazo. Nilikuacha na uongo ule kama mtu anayemwachia mtoto mzigo stendi, akisema narudi sasa hivi. Na kisha nikakwambia umdanganye tena. Barua yangu ya Aprili naomba uichome.

Kuungua kwangu si kosa lako wala la nne. Nilikuwa nacheka na mwenzangu badala ya kutazama mikono. Lakini sikukwambia hivyo mapema, kwa sababu ilinifaa kuonewa huruma.

Sijui umfanyeje Bibi. Naogopa ulimi wake hata kwa umbali huu. Fanya unaloona, nami nitakuwa nyuma yako. Nyuma sana, najua.

Mama yako mdogo


Tarehe 5 Julai

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi sijambo, Bibi hajambo lakini hajaniita Sisimizi kwa siku sita. Ananiita "wewe mtoto."

Nimemwambia. Nilingoja Mama aende kupima mtu nguo. Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kwa sababu macho hayasaidii tena. Nikapiga magoti mbele ya sinia nikamwambia yote: nne, tatu, stuli, meza ya dirishani. Sikulia, maana nilikuwa nimeamua nisilie. Halafu nikamsomea barua yako ya Juni. Nisamehe. Sikuruka mstari hata ule wa ulimi.

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa mawe mawili. Kisha akasema, "Alikuwa macho?"

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ulikuwa macho. Na mimi nilikuwa macho, ndiyo kwanza nimeamka. Watu watatu macho, na wote vipofu." Akasukuma sinia. "Niletee uzi wa Januari."

Nikauleta. Aliupapasa kuanzia juu, siku hadi siku, mpaka akafika kwenye yale matatu. Akaushika pale muda mrefu. Nilidhani ataukata. Mkasi wa Mama ulikuwa karibu, nami niliutazama. Badala yake akasema, "Shika huku ukaze," akafunga fundo la nne pembeni ya yale matatu. Mara ya kwanza lilifunguka, akalifunga tena. Sikumsaidia, kwa sababu hakuniomba.

Jioni Mama alipojua, alikaa kwenye kochi juu ya kitambaa cha mtu. Alisema, "Mngeniuliza mimi. Mimi ningemwambia aende tu." Halafu akacheka kidogo, halafu akafuta macho kwa kitambaa kile kile cha mtu.

Tangu siku hiyo Bibi haulizi tena, "Umeota ngapi?" Hakuna uzi wa Julai. Tunakunywa chai na unasikia vijiko tu. Jirani Redio alikuja kuuliza namba za harusi ya binti yake, Bibi akamwambia, "Muulize bwana harusi ana ndugu wangapi, utapata namba ya sahani." Redio akaondoka bila habari, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilitaka kucheka, lakini nikaona kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya Bibi asubuhi zake, na sijui zinarudishwaje.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike leo kabla ya kwenda shule. Jana Mama alimuuliza Bibi kuhusu daktari. Bibi akauliza, "Tarehe ngapi alisema?" Mama akamwambia ishirini na saba. Unajua namba za Bibi zinaishia kumi na mbili. Zaidi ya hapo, husema, ni soko na si ndoto. Bibi akasema, "Ishirini na saba haina maana yoyote. Vizuri. Nimechoka na maana." Kisha akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, ingawa sikuwa nimetoa sauti.

"Wewe mtoto. Mwandikie yule mwongo mwenzako. Mwambie nitaingia chumba cha visu nikiwa nimeshikwa mikono miwili, mmoja wako na mmoja wake, ule ulioungua. Asipokuja yeye, siendi. Na asilete ndoto. Alete mkono."

Mama akasema, "Mama, na mimi je?" Bibi akamwambia, "Wewe hujadanganya mtu. Wewe utapika."

Nimeweka uzi wa Januari ndani ya bahasha hii, Bibi ndiye aliyesema. Upapase ukiwa umefumba macho. Fundo la mwisho ni kubwa kuliko mengine na limekaa upande, lakini lipo. Stuli yako iko mezani, nimeifuta vumbi. Meza ya dirishani nimeigawa katikati kwa chaki, na nusu yako haina kitu juu yake. Hata ukija kwa siku chache tu na kurudi kazini kwako, ambako ulitaka kwenda, tafadhali njoo na uimbe.

Barua huchukua siku kumi kufika, na siku kumi kurudi. Nimehesabu. Ukijibu siku hiyo hiyo, tutajua kabla ya tarehe 27. Je, utakuja?

Mwanao,
Sisimizi